'Mambo?': Ujumbe wa neno moja uliowasaidia wagonjwa kutoacha dawa

Kadi ya kliniki haijapotea. Ipo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mama anajua kuwa mtoto akitimiza miezi tisa anatakiwa kupata chanjo ya surua na rubela. Hana tatizo lolote na chanjo. Zile za wiki ya sita, ya 10 na ya 14 mtoto alizipata zote.

Lakini Jumatatu ya kliniki mvua ilinyesha tangu alfajiri. Jumatano kulikuwa na msiba mtaani. Wiki iliyofuata nauli ikaliwa na mahitaji mengine. Siku zikasogea, na sasa mtoto ana miezi 11. Mama anaogopa kwenda, kwa sababu analijua swali linalomsubiri: "Ulikuwa wapi siku zote?"

Hali kama hii huzikuta familia nyingi, tena si kwa chanjo peke yake. Bibi mwenye shinikizo la damu anaacha vidonge kwa kuwa anajisikia nafuu. Baba aliyeanza dawa za kifua kikuu (TB) anapata nguvu mwezi wa pili, anarudi kwenye shughuli zake, na dozi ya miezi sita inaishia njiani. Majirani wakisikia, neno la kwanza ni "uzembe".

Tafiti zilizofanyika Afrika Mashariki katika miaka ya karibuni zinaeleza vingine. Wengi wanaoishia njiani wanajua wanachotakiwa kufanya na wanataka kukifanya. Kinachowashinda ni vikwazo vidogo vidogo vya kila siku. Tafiti hizo zinaonyesha pia kwamba simu ya kawaida, hata ya kitochi, inaweza kuwasaidia, mradi upande wa pili awepo mtu anayeuliza na kusikiliza jibu.

Kujua ni jambo moja, kutenda ni jingine

Kuna tawi la elimu linaloitwa sayansi ya tabia. Kazi yake ni kuchunguza kwa nini watu hufanya wanayofanya, hasa pale matendo yao yanapopishana na nia zao. Katika mambo ya afya, tawi hili linataja sababu kadhaa ambazo mzazi yeyote atazitambua.

Ya kwanza ni kwamba gharama ya leo huonekana kubwa kuliko faida ya kesho. Nauli, foleni na biashara iliyofungwa kwa nusu siku ni vitu vya leo. Faida ya chanjo haionekani kwa macho, kwani mtoto ambaye hakuugua surua anaonekana tu kama mtoto mzima. Vivyo hivyo kwa dawa za TB au za shinikizo la damu. Mgonjwa akishapata nafuu, kidonge huanza kuonekana hakina kazi, ingawa ndicho kinacholinda nafuu hiyo.

Ya pili ni kusahau. Kichwa cha mzazi kina ada, chakula, kodi na kazi. Katika ratiba ya kawaida ya chanjo, kati ya wiki ya 14 na mwezi wa tisa kuna karibu miezi sita, na kutoka hapo hadi dozi ya pili ya surua na rubela, mtoto akiwa na miezi 18, kuna mingine tisa. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi kwa kalamu miezi sita iliyopita ni rahisi kupita bila mtu kuikumbuka.

Ya tatu ni aibu. Aliyekosa tarehe moja huogopa kukaripiwa, na hofu hiyo humfanya akose na ya pili. Hapo kosa la siku moja linageuka kuwa la miezi.

Ukizitazama sababu hizo tatu, utaona kuwa hotuba kuhusu umuhimu wa dawa haigusi hata moja kati yake. Mgonjwa ameshaelewa umuhimu huo. Anachohitaji ni wepesi wa kutenda, ukumbusho kwa wakati unaofaa, na mahali pa kusema "nimekwama" bila kugombezwa.

Swali fupi kutoka kliniki

Mfano unaojulikana zaidi ulianzia Kenya mwaka 2007. Watafiti wa mradi wa WelTel walifanya kazi katika vituo vitatu vya afya, kuanzia mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Nairobi hadi eneo la vijijini huko Kajiado. Waliwashirikisha watu wazima 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi (ARV), wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata huduma hiyohiyo pamoja na ujumbe mfupi mmoja kwa wiki kutoka kwa muuguzi.

Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?"

Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya siku mbili. Kama hali ni nzuri, aliandika "Sawa". Kama kuna jambo, aliandika "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule ambaye hakujibu kabisa, walipigiwa simu na mhudumu wa afya kuulizwa kulikoni.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la Lancet. Katika kundi lililopata ujumbe, asilimia 62 walisema wametumia zaidi ya asilimia 95 ya dozi zao, dhidi ya asilimia 50 katika kundi la huduma ya kawaida. Vipimo vya damu vya baada ya mwaka mmoja vilielekea hukohuko. Virusi vilikuwa vimefubaa kwa asilimia 57 ya waliotumiwa ujumbe, ikilinganishwa na asilimia 48 ya wenzao.

Dawa zilikuwa zilezile na vituo vilevile. Kilichoongezeka ni salamu ya wiki na mtu wa kuipokea "Shida" inapotumwa.

Kwa nini "Mambo?" na si "Meza dawa"

Yapo mambo ya kujifunza katika uchaguzi wa neno hilo, hata kwa mzazi ambaye hana mgonjwa wa muda mrefu nyumbani.

Kwanza, lilitunza siri. Simu katika familia nyingi hupita mikononi mwa watu wengi. Mtoto huichezea, mwenza huiazima, jirani huomba kupiga. Ujumbe wa "Kumbuka ARV zako" ungemuumbua mwenye simu. "Mambo?" ni salamu ambayo rafiki yeyote angeweza kuituma, na anayeisoma haambulii kitu.

Pili, jibu lilikuwa jepesi. Kuanza mazungumzo na kliniki kwa kueleza kuwa dawa zinakuletea kichefuchefu, au kwamba umesafiri ukaziacha nyumbani, ni mzigo. Kuandika "Shida" hakuhitaji maelezo. Maelezo huja baadaye, kwa sauti, na mtu ambaye ndiye aliyepiga.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo hutumika sana kumlaumu anayeficha, lakini wengi huficha kwa sababu kusema kuna gharama yake. Utaratibu wa "Sawa" na "Shida" uliipunguza gharama hiyo.

Tatu, swali humpa mgonjwa heshima ya mtu mzima. Amri humweka katika nafasi ya mtoto anayechungwa. Wazazi wenye vijana wa sekondari wanaijua tofauti hiyo bila kusoma utafiti wowote.

Kengele ikizidi haisikiki

Mtu anaweza kudhani kwamba kama ujumbe mmoja kwa wiki unasaidia, basi mmoja kwa siku utasaidia mara saba. Utafiti mwingine, uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2011, ulilipima jambo hilo kwa watu 431 waliokuwa wanaanza ARV. Baadhi walitumiwa ujumbe kila siku, wengine kila wiki. Wapo waliopata ujumbe mfupi na wapo waliopata mrefu zaidi wenye maneno ya kutia moyo. Kundi jingine halikutumiwa chochote.

Baada ya wiki 48, asilimia 53 ya waliotumiwa ujumbe wa kila wiki walikuwa wametumia angalau asilimia 90 ya dawa zao, dhidi ya asilimia 40 ya wasiotumiwa. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Kurefusha maneno nako hakukuongeza faida.

Maelezo mojawapo ya matokeo hayo ni kwamba sikio huzoea. Ujumbe unaokuja kila siku kwa saa ileile huanza kuonekana kama yale matangazo ya mtandao wa simu yanayofutwa bila kusomwa. Kwa mzazi anayemwambia binti yake kila asubuhi, kwa maneno yaleyale, "umemeza dawa?", matokeo haya yana ujumbe wake.

Wakati ufuatiliaji wa kila siku unafaa

Hata hivyo, mambo hubadilika pale ujumbe wa kila siku unapokuwa na mtu nyuma yake. Mfano ni mradi wa Keheala kwa wagonjwa wa TB jijini Nairobi, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine.

Mgonjwa alipata ukumbusho kwenye simu yake kila siku, kisha akathibitisha kwa kubonyeza namba kwenye menyu, kama mtu anavyoangalia salio, kwamba amemeza dawa. Huduma ilifanya kazi hata kwenye simu isiyo na intaneti. Asipothibitisha, alikumbushwa tena. Akiendelea kuwa kimya, alipigiwa simu na mtu aliyepewa kazi ya kumsaidia.

Miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida, asilimia 13.1 waliishia na matokeo mabaya, yaani kuacha tiba, tiba kushindwa, au kufariki dunia. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mradi, walikuwa asilimia 4.2.

Hapa sayansi ya tabia ilitumika kwa njia mbili. Kuthibitisha kila siku humfanya mgonjwa aone hatua anazopiga, badala ya kutazama miezi sita kama mlima mmoja. Kisha kuna kujua kwamba ukinyamaza, kuna atakayegundua. TB huwatenga watu, kwani wengine huanza kutengewa hata kikombe. Kwa mtu wa namna hiyo, simu inayouliza "uko salama?" ina uzito wake.

Simu haijengi barabara

Pamoja na mafanikio hayo, ujumbe mfupi una mipaka yake.

Zanzibar, kati ya mwaka 2009 na 2010, wajawazito 2,550 walishiriki katika utafiti uliohusu vituo 24 vya afya. Katika nusu ya vituo, wajawazito walitumiwa ujumbe wa Kiswahili kulingana na umri wa mimba, na wakapewa vocha ya kumpigia mhudumu wa afya wanapohitaji. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 katika kundi hilo, na asilimia 47 katika kundi jingine. Lakini ongezeko hilo lilionekana kwa wanawake wa mjini. Kwa wa vijijini halikuonekana. Ujumbe unaweza kumfikia mama wa shamba, ila uchungu unapoanza usiku, umbali hadi hospitali hubaki uleule.

Huko Siaya, Kenya, watafiti walipima ukumbusho wa chanjo kwa wazazi wa watoto wachanga. Wazazi wa kundi moja hawakupata kitu. Wengine walipata ujumbe tu. Wengine walipata ujumbe pamoja na Sh75 au Sh200 za Kenya kwa simu kila mtoto alipochanjwa kwa wakati. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2017, watoto waliokamilisha chanjo kufikia umri wa mwaka mmoja walikuwa asilimia 82 katika kundi lisilopata kitu, asilimia 86 kwa ujumbe peke yake, asilimia 86 kwa ujumbe na Sh75, na asilimia 90 kwa ujumbe na Sh200. Tofauti ambayo watafiti waliweza kuisimamia kwa uhakika ni hiyo ya Sh200.

Hata "Mambo?" yenyewe haikufanya kazi kila mahali. Utafiti mwingine wa WelTel jijini Nairobi, uliochapishwa mwaka 2018, uliuliza kama ujumbe huo utawafanya watu wapya wenye maambukizi ya VVU wabaki kwenye huduma kwa mwaka mzima. Hakukuwa na tofauti kati ya waliotumiwa na wasiotumiwa.

Fundisho la hapa ni la kiasi. Aliyesahau husaidiwa na ukumbusho. Aliyekwama husaidiwa na mtu wa kumsikiliza. Asiye na nauli anahitaji nauli, na hata ukimtumia ujumbe mara kumi hali yake itabaki palepale. Ndiyo maana ni muhimu kujua kwanza ni kipi kinachomzuia mtu, kabla ya kuchagua dawa ya kikwazo hicho.

Mzazi anaweza kufanya nini nyumbani

Huduma za ujumbe mfupi kwa wazazi zimekuwapo Tanzania pia. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia wajawazito na wazazi wa watoto wachanga ujumbe wa bure. Lakini hata pale ambapo kituo cha karibu hakina huduma hiyo, familia inaweza kutumia kanuni zilezile.

*Panga siku, saa na njia.* Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walieleza jinsi wafanyakazi wa kampuni moja walivyoombwa kuandika siku na saa watakayokwenda kuchanjwa homa ya mafua. Waliochanjwa waliongezeka kwa takriban pointi nne za asilimia kuliko kundi lililokumbushwa tu. "Nitampeleka wiki ijayo" ni nia. "Nitampeleka Jumanne saa 2 asubuhi, nikitoka kumwacha dada yake shuleni, na nauli nimeitenga" ni mpango.

*Piga picha kadi ya kliniki.* Siku hiyohiyo mtoto anapochanjwa, weka tarehe ijayo kwenye kalenda ya simu na kengele mbili. Moja ilie siku tatu kabla, ili kupanga nauli na ruhusa kazini, na nyingine jioni ya kuamkia siku yenyewe. Mwenza naye aweke kwenye simu yake. Kliniki ya mtoto haina sababu ya kukaa kwenye kichwa cha mama peke yake.

*Funga kidonge na jambo linalofanyika kila siku.* Bibi anayekunywa chai kila asubuhi anaweza kuweka dawa karibu na kikombe chake, mahali ambapo wajukuu hawafiki. Chai itamkumbusha kuliko kengele ya simu ambayo hajui kuizima. Muulizeni kwanza mtoa huduma kama dawa hiyo inamezwa kabla au baada ya chakula.

*Uliza kama rafiki.* Badala ya "umemeza?", jaribu "leo dawa zinakwendaje?" Swali la kwanza huvuna "ndiyo" hata kama jibu ni hapana. La pili linaacha mlango wa kusema kwamba zinamchoma tumbo, au kwamba zimebaki mbili na kituo kiko mbali. Akisema shida, shughulika na shida hiyo kwanza. Ukigomba, safari ijayo atasema "sawa" tu.

*Toa namba sahihi kliniki.* Ukibadilisha laini, wajulishe. Kama simu ni ya familia nzima, mwambie muuguzi, mkubaliane ni maneno gani yatumike na muda gani apige.

*Jihadhari na matapeli.* Ujumbe wa kliniki hauhitaji namba ya siri ya akaunti yako ya pesa. Ukiombwa namba hiyo au utume pesa ili "mtoto aingizwe kwenye mpango", usijibu. Nenda kituoni uulize.

Aliyechelewa bado ana nafasi

Jambo moja linafaa lifahamike kwa kila mzazi aliyepitwa na tarehe. Mtoto aliyekosa chanjo kwa wakati haanzi upya zile alizokwisha kupata. Anaendelea pale alipoishia. Kuchelewa kunamwacha bila kinga kwa siku zilizopita, na kila siku inayoongezeka inarefusha hatari hiyo, lakini hakufuti zile za mwanzo. Kwa dawa za kila siku, aliyeruka dozi asimeze mbili kwa pamoja ili kufidia bila kuuliza. Ampigie mtoa huduma wake, aseme kilichotokea na aelekezwe.

Vituo navyo vina sehemu yao. Mama anayefika na mtoto wa miezi 11 ambaye hajapata chanjo ya miezi tisa ameshashinda mvua, msiba, nauli na aibu hadi kufika pale. Akipokewa kwa salamu na kuulizwa kilichomkwamisha, ataileta kadi tena mtoto akifika miezi 18. Akipokewa kwa makaripio, huenda kadi ikarudi juu ya kabati.

Na kwa mama huyo ambaye bado yuko nyumbani akisitasita: bahasha ishushwe leo, tarehe ya kwenda iandikwe kwenye simu, na nauli itengwe kabla ya jioni. Kama kuna jirani au dada wa kumsindikiza, amtumie ujumbe. Hata wa neno moja unatosha.